Kitone cha Penseli Chini ya Pakiti

Machi 9

Mvua ya kwanza imeanguka leo alasiri, ya matone makubwa yanayopiga vigae kama mtu anayerusha changarawe. Daktari ameniambia niandike kila siku jinsi miguu inavyovimba na pumzi inavyokwenda. Basi nimeanza. Miguu: imevimba kidogo jioni. Pumzi: nafika langoni na kurudi bila kusimama.

Hayo ni ya daktari. Mengine ni yangu. Nilikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima tangu ujana hadi nilipostaafu. Duka likiungua, gari likigongwa, nilitumwa mimi kwenda kuangalia kama ni kweli. Kazi ile haikutoki kwa sababu umepewa saa ya ukutani na keki. Kiti kikisogezwa hapa nyumbani, bado nauliza kimesogezwa na nani.

Machi 11

Shiku ameingia na katoni ya viatu iliyojaa pakiti tupu za dawa.

Shiku ni binti wa marehemu mwanangu Chege. Alihamia hapa Buruburu baada ya Krismasi ili nisikae peke yangu, kwa maana mke wangu Teresiah alikwisha kututoka. Ananiita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Anafanya kazi kwenye meza ya kulia, kompyuta mbele yake, na mwenzake Junaid, kijana wa Majengo, huja karibu kila siku. Wanatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wazee: unapiga picha pakiti ya dawa, nayo simu inakusomea kwa sauti ni dawa gani na kama muda wake haujapita.

"Shikamoo, Babu," Junaid aliniamkia.

"Marahaba. Takataka hizo ni za nini?"

"Za kupiga picha, Babu. Nimetoa kwa shangazi Kadija, ana duka la dawa."

Nilimwuliza Shiku picha za pakiti tupu zina faida gani. Aligeuza kiti chake akanitazama.

"Ni za majaribio, Guka. Programu ina vipande vidogo vidogo, na kila kipande tunakijaribu peke yake, hapa hapa kwenye kompyuta. Kile cha kusoma tarehe lazima kipewe picha ya kusoma. Nyingine nzuri, nyingine mbaya. Zinakaa kwenye folda yao. Programu ikienda kwa simu za watu, folda hiyo inabaki."

"Haiendi kabisa?"

"Haiendi. Ni ya testi tu."

Maelezo mazuri. Nimesikia mengi mazuri. Mwenye duka aliyelichoma mwenyewe hakosi maelezo. Yule asiye na hatia ndiye anayebabaika.

Machi 12

Miguu vile vile.

Machi 15

Nimemkuta Shiku akikwangua tarehe kwenye pakiti kwa tupa ya kucha.

"Unaifutia nini?"

"Naichafua, Guka. Huko nje pakiti inakaa mfukoni na funguo. Programu ikishindwa kuona tarehe, iseme imeshindwa. Isibahatishe."

Kisha Junaid akaja kutoka saiba, kule wanakochapisha, ametia karatasi ndani ya shati zisilowe. Zilikuwa lebo walizotunga wao wenyewe: majina ya dawa zisizokuwapo, tarehe zisizowezekana. Walizibandika kwenye chupa, wakalainisha kingo kwa ukucha, wakapiga picha chini ya taa.

"Babu, tazama hii," alisema akicheka. "Inaisha muda mwezi wa kumi na tatu!"

Niliishika ile chupa. Kazi safi. Nimewahi kukamata waghushi wenye mashine zao ambao hawakufikia hapo. Sikucheka.

Machi 16

Mvua kutwa. Sikula.

Machi 19

Kati ya chupa za mezani, moja ina jina langu. Ephantus Githinji Karanja, kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Chupa si yangu, na dawa iliyoandikwa sijawahi kupewa.

Nilimwuliza Shiku mbele ya Junaid.

"Nilitaka jina refu, Guka. Programu haifai kusoma jina la mgonjwa kwa sauti, watu wengine watasikia. Na hakuna jina refu ninalolijua kama lako."

Junaid alikunja uso. "Zii, Shiku. Jina la mtu wa ukweli haliwekwi. Hata kwa testi. Kesho unamwonyesha mtu kazi, na Babu yuko hapo mbele amebandikwa kwa chupa."

"Sawa, sawa. Natoa."

Machi 20

Chupa yenye jina langu haipo. Mahali pake kuna nyingine, na mgonjwa wake anaitwa Bwana Jaribio Majaribio wa Jaribuni. Walicheka sana walipoliandika.

Kitu kinachotoweka kesho yake baada ya mkaguzi kukiulizia, ofisini tulikiita ushahidi.

Machi 23

Shiku ndiye anayeninunulia dawa. Ndiye anayeniwekea kila asubuhi kwenye kisosi cha bluu, kidonge cha kupunguza maji na kidonge cha moyo. Mpaka wiki iliyopita sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo.

Leo nimeweka kitone cha penseli chini ya pakiti ya vidonge vya maji, kona ya kushoto. Ni mbinu yangu ya zamani. Ukitaka kujua kama kitu ni kile kile ulichokiacha, usikiangalie usoni. Kiwekee alama mahali ambapo mwenye haraka hatazami.

Machi 24

Kitone kipo.

Machi 27

Stima zimepotea tangu asubuhi. Kitone kipo.

Machi 30

Kitone hakipo.

Pakiti ina rangi ile ile, maandishi yale yale, imekaa pale pale juu ya friji. Nimeigeuza pande zote chini ya dirisha. Siyo niliyoitia alama. Sikumwuliza Shiku. Ukimwuliza mtu unayemchunguza, umemwonya.

Aprili 1

Nimeamua. Katika droo ya Teresiah mna pakiti ya vidonge vyake vya presha. Tarehe imefutika kwa kusuguana na rozari na pini za nywele, lakini naijua pakiti ile. Niliinunua kwa mkono wangu, kabla mtu yeyote hajahamia hapa. Presha ni mambo ya moyo, na mimi ni mgonjwa wa moyo.

Asubuhi navitia vya kisosini mdomoni, navificha shavuni, naenda msalani, navitema, navuta maji. Kisha nameza cha Teresiah.

"Umemeza, Guka?"

"Nimemeza."

Aprili 6

Miguu imezidi. Nililala nimeegemea mito mitatu.

Aprili 10

Viatu haviingii. Nadhani ni sumu ya siku za kwanza, bado haijatoka mwilini.

Aprili 14

Barabara ya Jogoo imefurika. Junaid alifika amekunja suruali hadi magotini, viatu mkononi. Asubuhi yote walibishana mbele ya kompyuta kwa sababu majaribio yalikataa.

"Faili haipatikani, inasema. Na iko hapo!"

"Iko wapi? Hebu. Aah, Shiku! Umeziweka kwa folda ya programu yenyewe. Zote! Bwana Jaribio yuko ndani anakunywa chai na wenye nyumba."

"Wacha!"

"Zitoe haraka. Hiyo ikienda hivyo, kuna mzee wa watu huko Kayole atasomewa dawa ya mwezi wa kumi na tatu."

Shiku alizihamisha zote, akajaribu tena, na safari hii walipiga makofi. Jinsi walivyoogopa za uongo zisichanganyike na za kweli! Nilikaa kwenye kochi nikiwaza: anayeogopa hivyo anakijua kitu cha kuogopa.

Shiku alinigeukia. "Guka, mbona umepauka? Umemeza leo?"

"Nimemeza."

Aprili 19

Kwa daktari. Alibonyeza mguu wangu kwa kidole na shimo likabaki. Alisema haelewi: dawa hizi zilitakiwa kushusha maji. Akamgeukia Shiku, si kwa upole.

"Wewe ndiye unayempa? Unampa kila siku?"

"Kila siku, daktari. Sijaacha hata siku moja."

"Mtu anayepewa kila siku hafiki hapa."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda chake kirefu, sikusema neno. Ndani ya teksi Shiku alilia akitazama nje ya dirisha ili nisione. Niliona. Watu hulia kwa sababu nyingi.

Aprili 22

Nimempigia binti yangu Waithera, aliyeolewa Nakuru. Nimemwambia kwamba Shiku anabadilisha vidonge vyangu.

"Baba, hilo ni neno kubwa. Umemwona kwa macho?"

"Kwa macho."

Aprili 24

Waithera alifika kabla ya chakula cha mchana, hata begi hakulitua. Shiku na Junaid walikuwa mezani. Nitaandika kila kitu kama kilivyosemwa, maana nilikuwepo.

"Wewe msichana, babako alikufa akiheshimiwa na mtaa huu wote. Ni nyumba unataka? Si ungeomba?"

"Tata, nyumba gani?" Shiku humwita shangazi yake hivyo, dada wa baba. Alikuwa bado anatabasamu, kama mtu anayengoja kuambiwa utani ni upi.

"Unambadilishia mzee dawa! Na hizi ni nini?" Waithera alitumbukiza mkono ndani ya katoni akainua chupa zenye lebo za kutungwa. "Nani anakaa nyumbani kwa mtu akichapisha lebo za dawa?"

"Auntie, samahani," Junaid alisema, "hizo ni za majaribio, hata ukitaka nikuonyeshe—"

"Wewe nyamaza. Wewe hata si wa hapa."

Mlango ulikuwa wazi. Mama wa nyumba ya pili alikuwa amesimama uani na beseni lake la nguo, hazianiki wala haziondoi.

Shiku alikuja akapiga magoti mbele ya kochi langu ili macho yetu yawe sawa. Amekuwa akifanya hivyo tangu utotoni.

"Guka. Uliniona?"

Nilitazama kisosi cha bluu juu ya friji.

"Nilikuona."

Kisha akainuka, akakunja waya wa kompyuta taratibu, akavaa koti. Pale mlangoni alimwambia Waithera, si mimi: "Cha maji apewe asubuhi. Ukimpa jioni hatalala, atakuwa anaenda choo." Akatoka na Junaid, na mvua ilikuwa inanyesha. Waithera anasikia amekwenda kwa rafiki yake wa mtaa wa Umoja.

Katoni ilibaki.

Aprili 28

Waithera amenunua dawa zote upya, mwenyewe, mjini. Nazimeza.

Mei 2

Miguu imepungua. Waithera amefurahi kama aliyeshinda kesi. "Unaona, Baba! Siku chache tu bila yule!"

Niliandika sentensi moja hapa nikaikata. Naiandika tena. Waithera analinganisha dawa yake na dawa ya Shiku, kwa sababu hajui kwamba ya Shiku niliitema. Mimi najua. Kwa hiyo kupungua kwa miguu kunathibitisha kwamba dawa ikimezwa inafanya kazi. Hakuthibitishi kingine chochote. Kijana wa wiki ya kwanza kazini angeliona hilo.

Sikumwambia.

Mei 3

Junaid amekuja kuchukua katoni. Waithera alikuwa amekwenda sokoni. Kijana aliniamkia, maana ndivyo alivyolelewa, lakini hakuketi.

"Nionyeshe hiyo folda," nilimwambia.

"Ya nini, Babu? Unataka kutupeleka polisi?"

"Nataka kuona."

Aliifungua kompyuta juu ya mkono wake, amesimama, akawa anapitisha picha moja moja bila kunitazama. Pakiti iliyokwanguliwa. Pakiti iliyopigwa gizani. Iliyopinduliwa juu chini. Mwezi wa kumi na tatu. Bwana Jaribio Majaribio. Kisha pakiti ya vidonge vya maji, imepigwa upande wa chini ambako tarehe huandikwa, na pale kona ya kushoto, kitone changu cha penseli.

Nilimshika mkono asipitishe.

"Hii mliitoa wapi?"

"Ni ya kwako, Babu. Zilibaki tembe mbili tatu, Shiku akanunua pakiti mpya, akazihamishia huko, hii tukapiga picha. Mimi nikataka kukifuta hicho kidoa, akakataa. Akasema kiache, za watu zitakuwa na uchafu hivyo hivyo."

Pakiti yangu ilikuwa imekwenda pale pale alikosema zinakwenda. Alikuwa ameniambia siku ya kwanza.

Nilikwenda chumbani nikishika ukuta, nikaleta pakiti ya Teresiah. "Ijaribu na hii." Junaid akatoa simu, akaielekeza. Tulingoja. Kisha simu ikazungumza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Shiku, polepole, kama anavyoongea nami nisiposikia vizuri:

"Sioni tarehe ya dawa hii. Usiimeze kabla hujamwuliza mtu wa duka la dawa."

Junaid alitazama pakiti, akanitazama mimi, akatazama miguu yangu.

"Babu. Hii ndiyo ulikuwa unameza?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Na zile za Shiku?"

"Nilizitema."

Akaketi. "Aki, Babu," alisema. Alipoinuka alisahau katoni mara ya pili.

Mei 4

Mvua. Sikumwambia Waithera.

Mei 5

Sikumwambia.

Mei 9

Nimelazwa. Mapafu yana maji. Daktari alimvuta Waithera kando ya pazia, na watu hudhani pazia ni ukuta. Moyo ulibeba maji kwa muda mrefu mno, alisema, na kilichoharibika hakitarudi. Ampeleke mzee nyumbani, akae na watu wake.

"Kwa hiyo ni yule msichana," Waithera alisema.

"Siwezi kusema hivyo, mama."

"Mimi nitasema."

Nilikuwa na pumzi ya kutosha kumwita. Nilifumba macho, wakadhani nimelala.

Mei 14

Nimerudi nyumbani. Leo asubuhi Waithera alileta uji na kuniambia amezungumza na jamaa wote wa Murang'a, kwamba Shiku asikanyage kwenye mazishi yangu. Alilisema kwa upole, kama habari ya kunituliza.

"Waithera, keti. Sikumwona."

"Hukumwona nani?"

"Shiku. Sikumwona akibadilisha kitu."

Bakuli lilibaki mkononi mwake. "Ulisema kwa macho. Nilikuuliza, Baba! Nilikuuliza hivyo hivyo!"

"Nilisema."

Nikamweleza kila kitu, kitone, shavu, msala, droo ya mama yake. Aliposikia habari ya droo alikwenda akaifungua, akarudi na pakiti, akaitupa juu ya blanketi langu.

"Na mimi nimemwita muuaji mbele ya watu. Mtoto wa Chege. Kwa neno lako."

"Kwa neno langu."

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa na sharti moja, na niliwafukuza vijana wawili waliolivunja: usiandike umekiona kitu ambacho hukukiona. Waweza kuandika unashuku. Waweza kuandika huna uhakika. Mimi nilikuwa na kitone kisichoonekana na chupa iliyotoweka, nikaapa kwa macho yangu.

"Mpigie," nilisema.

Alipiga, akanipa simu. Upande wa pili nilisikia mvua juu ya mabati.

"Shiku. Sikukuona. Nilisema nilikuona, sikukuona."

"Najua, Guka. Nilikuwa hapo."

Mvua iliendelea kupiga mabati yake.

"Miguu ikoje?" aliuliza.

"Imevimba."

"Cha maji umemeza?"

"Nimemeza."

"Kweli?"

Kwa muda mrefu hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza.

"Mwulize Waithera," nilimjibu.

Mei 20

Shiku amerudi. Waithera alimfungulia mlango, wakasimama hapo, kisha Waithera akampokea koti lenye maji na kwenda kulianika, akakaa nalo jikoni muda mrefu kuliko koti linavyohitaji. Aliporudi alisema, "Nitawapigia wa Murang'a mmoja mmoja. Wewe ukiwa hapa, usikie."

Akawapigia. Shiku alisikiliza wote.

Kwangu hakupiga magoti. Aliniletea kisosi, akanipa maji, akangoja.

"Fungua mdomo, Guka."

Nilifungua.

"Inua ulimi. Shavu. Hili lingine."

Akachungulia kila pembe kama anayetafuta ufa kwenye chungu. Sasa ananikagua, na anakagua vizuri; hakuamini hata niliposema "aah." Sina la kulalamikia.

Mei 24

Pumzi fupi. Siwezi kufika langoni.

Mei 27

Nimempa Shiku pakiti ya Teresiah. Nimemwambia aipige picha, aiweke kwenye ile folda yao pamoja na zile mbaya.

Aliigeuza mkononi muda mrefu. "Hii hatukuichafua sisi," alisema. "Imechafuka yenyewe."

"Ndiyo maana inafaa."

Waliipiga chini ya taa, yeye na Junaid, kichwa kwa kichwa. Nilisikia wakibishana kuhusu jina la faili.

"Weka guka," Shiku alisema.

"Tulikubaliana, jina la mtu wa ukweli haliwekwi."

"Guka si jina la mtu. Kila mtu ana guka."

Junaid alinitazama. "Babu, unaruhusu?"

Niliruhusu. Nikamwomba Shiku anieleze tena jambo lile la kwanza, ingawa nalikumbuka, na safari hii nikamsikiliza. Programu ikienda kwa simu za watu, picha yangu haitakwenda. Itabaki hapa. Lakini kila watakapobadilisha kitu chochote, kwanza programu itaonyeshwa pakiti ile, na ni lazima ikatae kuisoma. Siku itakayoikubali, taa itawaka nyekundu na programu haitatoka nyumbani.

"Hata mkishakuwa wazee?" niliuliza.

"Mpaka mtu aifute, Guka."

"Na nani ataifuta?"

"Ajaribu aone," Junaid alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili tulicheka sote watatu, mimi kwa kukohoa.

Mei 31

Daktari akisoma hapa, haya ndiyo ya kwake: dawa nilizotema zilikuwa nzuri, na mikono iliyonipa ilikuwa safi. Aliyeniharibu moyo ni mimi. Nimeliona hili kwa macho yangu.

Juni 2

Mvua imekatika. Miguu: imevimba. Nimemeza. Shiku ameangalia.